Tusiipigie Mizani Vigelegele

Hotuba hii ya kisukari cha mimba niliitoa Tanga, mbele ya vikundi vya VICOBA, vile vya kuweka na kukopa, wahudumu wa afya ngazi ya jamii na wakunga wa jadi. Waliokosa kuja wameniomba maneno yenyewe, siyo muhtasari. Nimeyaandika kama nilivyoyasema. Picha zilizoonyeshwa ukutani nimeziacha.

Mama mwenyekiti, wazee wangu, kina mama wenzangu, na nyinyi kina baba wachache mliojibanza kule nyuma karibu na mlango: Asalaam aleikum. Bwana asifiwe. Tumsifu Yesu Kristo. Naomba mniruhusu niseme tu kwamba itifaki imezingatiwa, maana nikianza kutaja vyeo, adhuhuri itatukuta hapa hapa na wali utapoa.

Nimefanya kazi ya ukunga miaka 35. Nimestaafu, lakini mikono haijastaafu. Nikisikia mtoto analia jirani bado nashtuka. Sasa nianze kwa swali. Simu inapopigwa nyumbani kwamba mwenzetu amejifungua salama, mnauliza nini? Kwanza mnauliza wa kike au wa kiume. Halafu je? Semeni wote.

Kilo ngapi! Mmesema wenyewe.

Na mkiambiwa kilo 3 mnasema alhamdulillah, mnakata simu. Mkiambiwa kilo 4 na nusu? Hapo ndipo panapokuwa na vigelegele. "Kazaa pande la mtoto!" Shangazi anajisifu kwamba ni damu ya kwao. Baba anazunguka mtaani kifua mbele kama yeye ndiye aliyesukuma.

Nimekuja kuzungumza habari ya vigelegele hivyo.

Mwaka 2012 nilikuwa zamu ya usiku, katika hospitali ambayo sitaitaja. Alikuja mama mmoja, mimba ya tatu, akajifungua kwa shida kidogo lakini akajifungua. Tukaweka mtoto kwenye mizani. Mshale ukaenda, ukaenda, ukasimama kwenye kilo 4.8. Nani alianza kupiga vigelegele? Ni mimi. Sitaki mseme ni nesi mwingine, ni mimi hapa. Nikawaita na wa wodi ya pili waje waone. Mtoto mashavu kama maandazi, mabega kama ya mpagazi wa bandarini, ngozi nyekundu. Tulimpitisha mkono kwa mkono. Kila mtu alitaka kumpima uzito kwa mikono yake. Tukamfunga vizuri tukamlaza pembeni, "apumzike", nasi tukarudi kwa mama aliyekuwa bado anavuja damu.

Ilipita saa moja na nusu. Nilipokwenda kumchukua nimpeleke kwa mama yake anyonye, nikaona vidole vinatetemeka. Siyo kule kushtuka kwa watoto wachanga mnakokujua. Mtetemo mdogo mdogo, wa haraka, kama mtu anayesikia baridi. Nikamgusa mdomo kwa kidole, hakufungua. Nikaunyanyua mkono wake, ukaanguka. Nikamchoma kisigino, tone moja la damu kwenye mashine. Ikaandika 1.3, yaani milimoli za sukari kwa lita ya damu; namba zote za sukari nitakazotaja ni za kipimo hicho.

Mtoto mchanga hatutaki ateremke chini ya 2.6. Huyu alikuwa nusu ya hapo. Ubongo wa mtoto unaishi kwa sukari, na sukari ilikuwa imekwisha.

Tukakimbia. Dripu ya sukari, kukamuliwa dang'a, yale maziwa ya kwanza ya njano, tone kwa tone kwa kijiko. Akaamka alfajiri. Akalia, na mimi nikalia. Lakini ile saa moja na nusu nimeibeba mpaka leo, kwa sababu mtoto yule hakuhitaji mashangilio. Alihitaji titi ndani ya saa ile ya kwanza, na tone la damu la kisigino. Ukubwa wake ndio uliokuwa unatuambia kwamba anaumwa. Tuliusoma kinyume.

Sasa ilikuwaje mtoto mnene hivyo akaishiwa sukari? Hapo ndipo wengi wanapochanganyikiwa, hata wenzetu wa kazini. Nisikilizeni vizuri.

Mimba ina kondo la nyuma. Kondo si gunia la kubebea mtoto, ni kiwanda. Linatengeneza homoni, na baadhi ya homoni hizo kazi yake ni kuizuia insulini ya mama, ile homoni ya kongosho inayoondoa sukari kwenye damu, isifanye kazi kwa nguvu zake zote, ili sukari ibaki kwenye damu kwa ajili ya mtoto. Ni mpango wa Mungu, hauna ubaya. Kwa mama wengi kongosho linaongeza insulini, mambo yanakwenda. Lakini mfikirieni mama ntilie aliyezoea wateja 20 kila mchana. Siku moja wanakuja 40, halafu kesho 50. Mama ntilie mmoja ataongeza sufuria, atamudu. Mwingine moto ni ule ule mmoja, foleni inamshinda. Kongosho la baadhi ya kina mama linashindwa na foleni, kuanzia mwezi wa tano, wa sita, kondo linapokua na homoni zinapozidi. Hicho ndicho kisukari cha mimba. Hakikuja kwa sababu mama alikuwa mlafi. Naomba hilo mlibebe mrudi nalo nyumbani, hasa nyinyi mawifi na mama wakwe.

Sukari ya mama inavuka kwenye kondo na kumfikia mtoto. Insulini ya mama haivuki. Kwa hiyo mtoto anapokea sukari nyingi bila msaidizi, na kongosho lake dogo linaanza kufanya kazi usiku na mchana, linamwaga insulini yake mwenyewe. Na insulini kwa mtoto aliye tumboni ni mbolea. Inamnenepesha, mafuta yanajaa mabegani na tumboni. Daktari mmoja wa Denmark, Jørgen Pedersen, ndiye aliyeupanga mlolongo huu ukaeleweka, miaka ya 1950.

Halafu anazaliwa. Mnakata kitovu. Sukari ya mama inakatika hapo hapo, kama bomba lililofungwa. Je, insulini ya mtoto inajua kwamba kitovu kimekatwa? Haijui. Inaendelea kufagia sukari. Inafagia mpaka inakwisha, na vidole vinaanza kutetemeka.

Jambo hili halikuanza na chipsi na soda za siku hizi. Mwaka 1824, Berlin, mwanafunzi wa udaktari aitwaye Heinrich Bennewitz aliandika kwa Kilatini habari za mwanamke mmoja mwenye mimba ya tano. Alikuwa na kiu isiyokatika, na mkojo wake ulikuwa na sukari. Mtoto akatoka na uzito wa ratili 12, hizo ni zaidi ya kilo 5, akafia njiani wakati wa kuzaliwa. Na yule Bennewitz, pamoja na msiba ule, alishindwa kujizuia akausifia mwili wa mtoto, akasema ungedhani baba yake ni Hercules, yule pande la mtu wa hadithi za Wagiriki. Mnaona? Miaka 200 iliyopita, mtoto amekufa, na mtu anasifia mabega. Mama baada ya kujifungua kiu ikaisha, sukari ikaondoka kwenye mkojo. Hilo la kuondoka mliweke kiporo, nitalirudia.

Niwaambie habari ya mabega sasa. Wakunga wa jadi hapa, bibi zangu, mnajua ninachotaka kusema.

Mtoto wa kawaida kichwa ndicho kikubwa. Kichwa kikipita, mwili unafuata. Mtoto wa sukari mabega yanaweza kushinda kichwa. Kichwa kinatoka, halafu kinarudi nyuma kidogo, kama kobe anayerudisha shingo. Ukiliona hilo, damu yako inaganda. Bega limekwama nyuma ya mfupa. Kitovu kimebanwa, kifua kimebanwa, mtoto hawezi kupumua. Huna nusu saa. Una dakika chache.

Nilikuwa na mama mmoja hivyo. Tukamkunja miguu mpaka magoti yakaegemea kifua, mwenzangu akakandamiza juu ya kinena, mimi nikaingiza mkono. Mtu mmoja alikuwa akihesabu dakika kwa sauti. Niliwachukia wale wanaohesabu, lakini lazima mtu ahesabu. Dakika ya nne mtoto akatoka. Hai! Lakini mkono wa kulia ulikuwa umelala ubavuni, haunyanyuki, kiganja kimegeuka nyuma. Mishipa ya fahamu ya shingoni ilikuwa imevutwa. Wengi wa watoto hao mkono hurudi ndani ya miezi. Wa huyu haukurudi wote. Namwona mtaani, ni kijana mchangamfu, anapiga chenga za mpira kuliko wenzake. Akivaa shati la shule, anaanza kuvisha ule mkono dhaifu kwa mkono mzima, halafu anageuka ubavu kidogo ili lile bega lipande. Anafanya haraka sana, usipomjua huoni. Mimi naona.

Mama yake alikuwa na kadi ya kliniki. Mahudhurio yote yamejazwa. Amechanjwa pepopunda, kapewa vidonge vya damu, kapewa chandarua. Na kwenye kadi ile ile imeandikwa: mtoto aliyetangulia, kilo 4.5. Sisi tuliandika. Tuliandika, hatukusoma.

Mengine nitayapita haraka, maana hatuwezi kukaa hapa mpaka kesho. Mama mwenye sukari ya mimba hupata presha kwa urahisi zaidi, na presha inaweza kufika kifafa cha mimba. Maji ya uzazi hujaa kupita kiasi. Kisu cha upasuaji hukaribia. Mtoto anaweza kupata manjano, anaweza kupumua kwa tabu kwa sababu mapafu yake yamechelewa kukomaa hata kama mwili ni mkubwa. Na wapo wanaokufa tumboni wiki za mwisho, na nyumbani watu wanaanza kuulizana nani kamroga.

Hakuna aliyeroga, jamani. Pimeni.

Lakini mtapima nini? Hapa nina ugomvi na neno moja: "mkojo safi". Mama anatoka kliniki anasema, sina sukari, mkojo wangu ni safi. Dada yangu, figo ni kama ungo. Kwa mtu asiye na mimba, ungo huo hauachii sukari mpaka damuni ipande sana, karibu 10. Ukiwa na mimba matundu ya ungo yanalegea, kwa hiyo mzima anaweza kuvujisha sukari bila ugonjwa, na mgonjwa akapita na mkojo safi kabisa. Kijiti cha mkojo kina kazi zake, kinatusaidia kwa protini na mengine. Kwa kisukari cha mimba usikiamini peke yake.

Kipimo ni damu. Kati ya wiki ya 24 na ya 28 unakuja asubuhi hujala, hata ile chai hujanywa. Unatolewa damu. Unapewa glukosi gramu 75 iliyokorogwa kwenye maji, unainywa ndani ya dakika 5. Ni tamu mpaka inachefua, sitawadanganya. Kisha unakaa kwenye benchi. Unatolewa damu baada ya saa moja, na tena baada ya saa mbili. Huruhusiwi kwenda kuzurura sokoni Ngamiani ukarudi. Najua saa mbili za benchi kwa mtu mwenye biashara ya vitumbua ni hasara. Basi beba kazi ya mkono, njoo na ukili wako usuke. Nimewaona waliomaliza nusu ya mkeka hapo.

Na majibu yasomwe kwa macho ya mimba. Shirika la Afya Duniani mwaka 2013 lilisema: kabla ya kula ikiwa 5.1 au zaidi, saa moja baadaye ikiwa 10 au zaidi, saa mbili baadaye ikiwa 8.5 au zaidi, hata moja tu kati ya hizo tatu inatosha. Nawaomba mshike hiyo 5.1. Kwa mimi mzee, kufunga nikiwa na 5.6 daktari atanipongeza. Kwa mjamzito, 5.6 ni kisukari cha mimba. Nimeona watu wamerudishwa nyumbani na 5.6 wakiambiwa "uko vizuri, mama". Kinachotofautisha ni lile tumbo.

Namba hizo hazikuokotwa. Utafiti mkubwa uliotolewa mwaka 2008 ulifuata wajawazito zaidi ya 23,000 katika nchi 9, ukaona kwamba hatari haina mlango unaofunguka siku moja. Inapanda ngazi moja moja, sukari ikipanda kidogo na watoto wakubwa wanaongezeka kidogo, hata chini ya viwango vilivyokuwa vikitumika zamani. Katika nchi hizo 9 hapakuwa na hata moja ya Afrika, nalisema hilo kwa uchungu kidogo. Lakini kondo la Mdigo na kondo la mwanamke wa Bangkok kazi yao ni moja.

Ni wengi kiasi gani? Shirikisho la Kisukari la Kimataifa mwaka 2021 lilikadiria kwamba duniani, katika kila watoto 6 wanaozaliwa hai, karibu mmoja mimba yake iliguswa na sukari kupanda, na sehemu kubwa ya hao ni kisukari cha mimba. Hesabuni viti vya safu yenu hapo. Mmoja, wawili, watatu… Haya, mmeacha kucheka.

Pasipo na glukosi, pasipo na stripu, kuna jambo lisilo na gharama. Mkunga wa jadi, mhudumu wa afya, mama mkwe, hata wewe baba: uliza. Mtoto aliyetangulia alifika kilo 4 au zaidi? Kuna aliyefia tumboni? Kwenu kuna mwenye sukari? Akijibu ndiyo hata kwa moja, msimsubirishe wiki ya 24, apelekwe mapema penye kipimo. Ila msigeuze maswali haya kuwa kipimo. Wapo wembamba kama ufito, mimba ya kwanza, ukoo wote mzima, na sukari wanayo.

Tuje kwenye chakula, maana naona mmekaa sawa.

Mama mmoja alipoambiwa ana sukari ya mimba alirudi nyumbani akaacha kila kitu. Ugali ameacha, wali ameacha, ndizi ameacha. Anakula mchicha na maji. Wiki mbili akaja anapepesuka. Nikamuuliza nani kakwambia ufe njaa? Akasema, "Nesi, si mmesema nisile wanga?" Hatukusema hivyo, au labda tulisema vibaya. Mtoto anahitaji wanga, na mama anahitaji wanga. Tunachotaka kujua ni upi, kiasi gani, na pamoja na nini.

Mwingine alinifundisha mimi. Alikuwa na mashine ya kupimia, kaletewa na kaka yake. Akachukua daftari la hesabu la mwanawe, akaligeuza nyuma, akawa anaandika alichokula na sukari yake baada ya saa moja. Alijua tunataka kabla ya kula iwe chini ya 5.3, na saa moja baada ya kula iwe chini ya 7.8. Nakumbuka kurasa zile. Chai ya vijiko vitatu na chapati mbili: 9.6. Siku ya pili, chai kavu isiyo na sukari, yai, kipande kimoja cha muhogo: 7.2. Ugali wa dona kama ngumi yake, dagaa, tembele sahani nzima: 7.0. Juisi ya machungwa glasi moja: 10.1, na kaipigia mistari miwili chini kwa kalamu nyekundu! Machungwa ya Muheza matano kwenye glasi moja, ungeyala kwa kumenya ungechoka kwenye la pili. Halafu chini kabisa: wali kidogo, maharage, kachumbari, "nimetembea mpaka kwa mama na kurudi": 6.7.

Hakuwa amesoma lishe popote. Ila kina mama wengi wakila hivyo na kutembea hivyo hawahitaji dawa yoyote. Ule usemi wa kwamba mjamzito anakula kwa ajili ya wawili, tuuache. Wa pili ni mdogo kama embe.

Wachache sukari inagoma. Hao wapo wanaopewa vidonge, wapo wanaopewa insulini. Na mkisikia insulini mnasema, "Basi, kafikia mwisho." Nani aliwafundisha hivyo? Nimewaambia insulini ya mama haivuki kondo. Hii ya sindano nayo hali ni hiyo: inamsaidia mama, mtoto haimgusi. Kabla haijapatikana, mpaka mwaka 1922 kule Toronto ilipoanza kutolewa kwa wagonjwa, mwanamke mwenye kisukari kushika mimba ilikuwa kama kuchimba kaburi. Huna friji ya kuhifadhia insulini? Chungu kikubwa, ndani yake chungu kidogo, katikati mchanga uliolowa, juu kitambaa kibichi. Weka kivulini kwenye upepo. Chupa ya insulini inakaa humo ikiwa imefungwa kwenye mfuko mkavu. Bibi zetu walipoozea maji hivyo hivyo.

Sasa nirudi kwa yule mwanamke wa Berlin. Nilisema sukari iliondoka baada ya kujifungua. Inaondoka kweli, kwa wengi. Kondo limetoka, kiwanda kimefungwa, kesho yake unapima 4.8. Kila mtu anafurahi, kadi inafungwa, mtoto anabebwa, mama anasahauliwa.

Mwaka 1986 mimi nilijifungua mtoto wangu wa pili. Kilo 4.6. Vigelegele mpaka barabarani. Nilikuwa mkunga tayari, mdogo, najua kila kitu. Hakuna aliyenipima, na mimi sikujipima. Mwaka 2004 nikaanza kuamka usiku mara nne kwenda chooni, nikasema ni utu uzima. Miguu inachoma, nikasema ni viatu vya kazini. Siku moja nilikuwa namfundisha nesi mgeni kutumia mashine, nikatoa kidole changu cha mfano. Asubuhi, sijala. Ikaandika 11.8. Yule binti akaniangalia akasema, "Labda mashine mbovu, mama." Tukarudia na nyingine. Haikuwa mbovu.

Miaka 18. Mwili wangu ulinipa habari mwaka 1986, na kwa miaka 18 sikuisoma. Mwanamke aliyepata kisukari cha mimba ana uwezekano wa kupata kisukari cha kudumu mara saba au zaidi kuliko mwenzake ambaye hakupata. Na mtoto naye anabaki na alama. Kule Arizona, Marekani, kwa Wahindi Wekundu wa kabila la Pima, walilinganisha ndugu wa tumbo moja: waliozaliwa kabla mama hajapata kisukari, na waliozaliwa baada ya kupata. Mama mmoja, baba mmoja, jiko moja. Waliozaliwa baada ndio waliopata unene na kisukari zaidi. Tumbo lenyewe lilikuwa limebadilika.

Kwa hiyo nina ombi moja, na ndilo lililonileta. Sisi watu wa pwani tuna arobaini. Mzazi anakaa ndani, anakandwa, anapewa uji wa pilipili manga, siku ya 40 anatoka. Na watu wa hospitali wana wiki ya 6, siku 42, mtoto anapelekwa chanjo. Mnaona zilivyokaribiana? Na wanaojua kisukari wanasema mama aliyekuwa na sukari ya mimba apimwe tena kati ya wiki ya 6 na ya 12. Siku ile ya chanjo mama yupo kliniki! Amembeba mtoto mwenyewe. Mtoto anachomwa sindano, mama anaondoka hajaguswa. Kwa nini? Mwache aje hajala, apimwe wa kwanza kabla ya foleni ya chanjo, maana ananyonyesha na njaa ya mnyonyeshaji si ya mchezo. Mbebeeni yai na muhogo ale akimaliza. Akiwa salama, apime tena kila mwaka, au angalau kila miaka mitatu. Na anyonyeshe, kunyonyesha kunampunguzia hatari mwenyewe.

Yule mama wa kilo 4.8 alirudi mwaka 2015 na mimba nyingine. Safari hii alinitafuta mwenyewe, wiki ya 14. Akapimwa, sukari ipo. Akala kwa mpango, akatembea mpaka kandambili zikakatika, mwishoni akachoma insulini ya usiku. Akajifungua mchana, mbele yangu. Mtoto akawekwa kifuani pake hapo hapo, akanyonya kabla ya kuguswa na mtu. Kisigino kikachomwa: 3.1. Ndipo tukampeleka kwenye mizani. Kilo 3.3. Wifi yake akachungulia dirishani, akasema kwa huruma, "Mbona kadogo?"

Nilipiga kigelegele peke yangu. Wodi nzima ikageuka kuniangalia.

Haya. Meza ya kupimia iko kule chini ya mwembe. Wajawazito waje na kadi zao, tutawapangia asubuhi ya kuja bila kula. Waliowahi kuzaa mtoto wa kilo 4 na kuendelea, hata kama mtoto huyo sasa ana ndevu, wakae upande wa kushoto, nataka kuwaona mmoja mmoja. Na foleni ya kidole ianze na kina baba, kabla hawajatoroka kwa ule mlango.